Bahasha za Droo ya Nne

Vijana wa dawati la utamaduni, ule ufunguo mliouulizia siku mliponikatia keki ya kuniaga ninao mimi. Nilimwambia katibu muhtasi kwamba umepotea, na nikamwona akiandika barua ya kuomba fundi. Mwambieni aiache. Niliondoka nao makusudi. Droo tatu za juu za lile kabati la chuma mnazijua: ya picha, ya mialiko, na ya vikombe visivyo na mikono. Ya nne, ile ya chini inayokwama, ndiyo iliyofungwa, na kabla sijawakabidhi nataka mjue kilichomo. Mkiifungua bila maelezo mtadhani miaka yote mlikuwa mnafanya kazi na mchawi.

Zimo tanzia. Ni bahasha za khaki arobaini na kitu, kila moja ina jina la mtu kwa penseli nyekundu, na ndani maisha yake yameandikwa tayari, imebaki tarehe tu. Wengi wa hao wameshazikwa. Wachache bado mnakutana nao Kariakoo wakinywa supu. Moja, iliyo nyuma kabisa, imefungwa kwa gundi na ina mihuri ya posta ya kwenda na ya kurudi. Hiyo niliahidi kumsomea mwenyewe akiwa hai, na ndiyo inayonifanya nishike kalamu sasa, maana tangu nistaafu siku zimekuwa ndefu na nyumba ina sauti moja tu, ya redio. Vyeo sitavitaja, na mishahara mnaijua.

Niliingia gazetini miaka michache baada ya Azimio, nikitokea Machame na sanduku la bati na cheti cha kidato cha nne. Nilitaka kuandika habari za bandari. Nilikuwa sijawahi kuona meli, ila nilidhani hilo halitaonekana. Mhariri Mkuu aliniangalia viatu kwanza, kisha cheti, akasema bandari ina watu watatu na utamaduni una kiti kitupu. "Utakaa na yule Mzungu," akasema, kama mtu anayekugawia chumba kinachovuja.

Mzungu mwenyewe alikuwa Mswidi, mwanamke wa miaka arobaini na mitano hivi, mrefu, mwenye kandambili za ngozi na nywele alizojikata mwenyewe bila kioo. Aliitwa Gunvor. Wapiga chapa walimwita Bi Ganvo, naye akaitika. Alikuwa mwandishi wa vitabu na wa kurasa za utamaduni huko kwao, akaletwa kwa mkataba wa miaka miwili kutufundisha kazi, akakaa kumi na mmoja. Nilimwamkia shikamoo. Aliitikia marahaba, akauliza nimepita wapi kuja pale. Nikamwambia Mchafukoge.

"Umemwona nani?"

"Watu tu, mama. Muuza kahawa, fundi cherehani."

"Fundi cherehani mikono yake ilikuwa inafanya nini?"

"Inashona."

"Rudi," akasema. "Angalia, halafu uje."

Nikarudi kwa mguu hadi Mchafukoge, na jua lile. Fundi alikuwa hashoni. Alikuwa anafumua gauni la arusi la mtu ili apate kitambaa cha sare za shule, maana madukani kitambaa kilikuwa hakuna, na nyuzi alizofumua alikuwa anazizungushia kidole gumba ili zisipotee. Nilipomweleza Bi Gunvor alisukuma taipureta yake upande wangu. Habari hiyo ilitoka ikiwa na mistari kumi na minne, na ndiyo ya kwanza yangu. Swali la mikono nimelitumia hadi wiki ya mwisho, na ninyi wote mmelalamika kwa sababu yake.

Taipureta yenyewe ndiyo ile iliyo juu ya kabati, mnayowekea kalenda. Ina vitufe vitatu vya herufi ambazo sisi hatuna. Kimoja, cha ile herufi yenye kiduara kichwani, Bi Gunvor alikuwa anakigonga mwisho wa kila makala ili mpanga herufi kule chini ajue kwamba maneno yameisha na asisubiri ukurasa mwingine. Mpanga herufi wetu alikuwa Mzee Sefu, mtu wa Gerezani, ambaye kwa miaka mingi aliamini ni alama ya dini yao.

Habari zake mwenyewe alizitoa kwa tone, kama mafuta ya taa ya mgao. Alizaliwa kaskazini ya mbali ya nchi yao, kwenye mji mdogo wenye kiwanda cha kupasua mbao. Mama yake alifariki yeye akiwa mdogo. Baba alikuwa mpasua mbao aliyebakiwa na vidole saba, na kila jioni alisoma gazeti kwa sauti, hata matangazo, ili nyumba isiwe kimya. Akiwa na miaka kumi na saba Gunvor aliajiriwa na gazeti hilohilo kupokea matangazo ya vifo dirishani. Kutoka dirishani akapanda hadi kuandika habari za maigizo, vitabu na wachoraji, akahamia mji mkubwa, akatoa vitabu vitatu. Nilimwuliza vilihusu nini. Akasema cha kwanza ni mbao, cha pili ni wanawake wa jukwaani, na cha tatu ni mume aliyeondoka, na kwamba hicho cha tatu ndicho kilichonunuliwa.

Sasa bahasha. Mwezi wangu wa pili alinifundisha kwamba huko kwao kila gazeti linalojiheshimu lina maisha ya wasanii wazee tayari kwenye droo. Mtu anafariki saa nane, ukurasa unafungwa saa kumi, na kwa saa mbili huwezi kuandika miaka sabini. Aliniandikia orodha ya majina: wapiga ngoma, waimbaji, wachonga vinyago, mtunzi mmoja kipofu wa Ilala. Niende kwao, niwahoji vizuri, niandike, tutie kwenye bahasha, tusubiri.

Ninyi ni watu wa hapa, sina haja ya kuwaeleza kumchuria mtu maana yake nini. Kwetu mlimani, hata kumpima mgonjwa urefu kwa macho ni kumwitia kifo. Nilijua kabisa ni jambo baya. Lakini nilikuwa mgeni wa mji, nilikuwa na kiti, na kiti hicho kilikuwa karibu na dirisha. Nikanyamaza, nikaandika. Waliohojiwa nikawaambia ni habari ya gazeti, na huo haukuwa uongo kamili.

Jina la saba kwenye orodha lilikuwa la mama mwenye nyumba yangu.

Nilipanga chumba Kariakoo, kwenye nyumba ya vyumba sita yenye ukumbi katikati na ua nyuma, mali ya Bi Mgeni binti Faraji. Alikuwa mjane wa miaka sitini na ushei, mfuma kofia, na katika ujana wake alikuwa kiongozi wa chama cha lelemama, yule anayepiga pembe ya nyati na kuanzisha wimbo mbele ya safu ya wanawake. Dar hii mimi sikuwa na mtu. Jumapili baada ya kanisa nilikuwa natembea hadi Kivukoni kuangalia watu wanaosafiri kwenda Kigamboni kwa jamaa zao, kisha narudi. Mwezi wa tatu Bi Mgeni aliniona nakula mkate mkavu barazani. Kuanzia siku hiyo kila Jumamosi nilikuta bakuli lililofunikwa kwa kawa mlangoni pangu, wali na mchuzi wa samaki, na siku ya mgao mbaya ni wali na maharage.

"Mchaga wangu," alikuwa ananiambia, "kwenu huko mnakula ndizi mpaka mnasahau kuoa."

Alinipa maisha yake kwa jioni sita, uani, huku anafuma. Mwisho alinipa na picha yake ya pekee, yeye na wenzake kumi na wawili wamevaa sare, pembe mikononi. "Uitunze kama jicho lako. Itatoka lini?"

"Bado naipiga msasa, mama."

Nililisema neno hilo kwa miezi mitano. Kila Jumapili alinunua gazeti, akafungua kurasa zote nne kutafuta picha yake, kisha akalikunja vizuri na kuliweka chini ya godoro. Kusoma hakujua, au tuseme alisoma Kurani vizuri sana lakini hizi herufi za gazeti hakuzijua. Ndipo akajiandikisha kwenye kisomo cha watu wazima, ofisi ya chama ya mtaa, saa kumi za jioni, na ubao mdogo kwapani. Nilimwuliza imekuwaje uzeeni. "Nataka nijisomee mwenyewe," akasema. "Sitaki mtu anisomee halafu aruke mahali."

Hapo ningeweza kusema ukweli. Nilikunywa chai yangu, nikaenda kazini.

Nilikuwa kwenye dawati langu siku alipokuja. Alikuja na shoga yake Bi Mwatumu, wote na mabuibui mapya, wakinukia udi, wakapita katikati ya chumba cha habari kama wanaingia arusini. Kabla sijasimama Bi Gunvor alishawafikia na kuwavutia viti. Bi Mgeni akamweleza kwa adabu kwamba amekuja kuulizia habari yake, maana hata fundi wa jiko angekuwa ameshamaliza.

Uso wa Bi Gunvor uling'aa. Ninyi hamkumjua, kwa hiyo naomba mniamini: mwanamke yule hakuwa na chembe ya ubaya. Alikuwa anaona fahari. Akafungua droo ya nne, akatoa bahasha, akaipangusa vumbi kwa kiganja na kumpa kwa mikono miwili.

"Iko tayari kabisa, bibi. Ni nzuri sana. Itatoka siku utakapofariki."

Nadhani Bi Mgeni alidhani Kiswahili cha Mzungu kimeteleza. Akacheka kidogo, akatoa karatasi, akaweka kidole chini ya neno la kwanza, jinsi walivyofundishwa kwenye kisomo. Chumba kizima kikaacha kazi kumsikiliza.

"Ma," akasoma. "Ma-re. Ma-re-he. Ma-re-he-mu."

Akarudia lote kwa mkupuo, kwa furaha ya mwanafunzi aliyepata jibu. Kisha akaendelea na lililofuata, ambalo lilikuwa jina lake.

Bi Mwatumu alisema astaghfirullah. Bi Mgeni aliziweka karatasi juu ya meza, akazipanga kingo ziwe sawa, akavuta buibui lake, akaondoka bila kunitazama. Bi Gunvor alibaki amesimama na bahasha tupu.

"Hakupenda mwanzo wake?" akaniuliza.

Sikufukuzwa. Afadhali ningefukuzwa. Nilikaa nyumba ile wiki tatu nikiwa kama mlango, watu wanapita tu. Jumamosi ikaja bila bakuli. Wapangaji wenzangu waliacha kuniazima mkaa. Mjumbe wa nyumba kumi alinifuata barazani, mtu mpole anayependa taratibu, akaniambia, "Kijana, cheti cha kifo hutolewa na serikali, tena baada ya kifo. Wewe umetumia utaratibu gani?" Bi Mgeni akapata homa wiki ya pili, homa ya kawaida ya malaria, na nikasikia mtu uani akisema keshaanza. Nililia siku hiyo, mlango nimeufunga. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, na mtu pekee katika mji mzima aliyejua kama nimekula au sijala nilikuwa nimemwandika marehemu.

Homa ilipomwachia alimtuma mpangaji mwenzangu aniambie jambo moja. Anataka karatasi zake na picha yake, akazichome mwenyewe.

Nilimwomba Bi Gunvor. Akakataa. Nilipandisha sauti, jambo ambalo halikuwa desturi yangu mbele ya mtu mzima. Nikamwambia hajui anachofanya, kwamba huku kwetu mtu hawekwi kwenye droo akisubiriwa. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akanieleza kwamba alikuwa na rafiki kule kwao, mchoraji, waliishi nyumba moja miaka tisa. Akafariki ghafla Jumamosi mchana. Droo ya gazeti haikuwa na kitu, Gunvor mwenyewe alikuwa safarini, na aliyekuwa zamu alimwandikia mistari minne. Ndugu hakuwa nao. Mazikoni walikuwa watu watano, pamoja na mchimba kaburi.

"Mistari minne," akasema. "Karatasi hizi zikichomwa, Bi Mgeni hatakuwa na hata hiyo. Sitakupa wewe. Nitampelekea mwenyewe, nimwombe."

Tukaenda alasiri. Alivua kandambili mlangoni bila kuambiwa, akakaa kwenye jamvi uani, miguu yake mirefu hajui aiweke wapi. Bi Mgeni alikuwa anafuma kofia. Bi Mwatumu alikuwepo, amekunja uso. Bi Gunvor akatoa shikamoo, ikaitikiwa kwa shida.

"Nimekuja kuomba radhi, bibi. Nimekuletea karatasi. Ni zako. Ukitaka kuchoma, kiberiti ninacho. Lakini naomba usichome."

Bi Mgeni aliendelea kufuma. Sindano ilipita kama mara kumi.

"Nikuulize kitu, mwenzangu," akasema hatimaye. "Kwenu huko, mtu akifa, nani anakaa matanga?"

"Hatuna matanga."

"Majirani je? Hawaji?"

"Wanatuma kadi, wengine."

"Basi nani anakulilia?"

Bi Gunvor alifikiri. Alikuwa mtu wa kujibu alichoulizwa. "Gazeti," akasema.

Sindano ikasimama. Bi Mgeni akamtazama Mzungu yule kwa mara ya kwanza, nadhani, tangu aingie.

"Maskini," akasema. Halafu akanigeukia mimi, baada ya wiki tatu. "Mchaga, kaa chini. Soma."

Nikasoma. Sikufika mbali. Sentensi ya pili tu akanyoosha mkono. "Hapo toa. Unasema chama chetu kiliwashinda wale wa Gerezani. Tulishindwa. Walituaibisha, tukarudi nyumbani kwa vichochoro. Andika." Nikatoa penseli. Tukaendelea hivyo alasiri tatu, na Bi Gunvor hakukosa hata moja. Bi Mwatumu naye akakunjua uso, akawa ndiye mbishi kuliko wote. Nilikosea rangi ya sare. Nilikosea jina la mume wa kwanza. Siku ya tatu nikafika mahali nilipoandika kwamba Bi Mgeni hakujaliwa mtoto.

"Nilijaliwa," akasema.

Akaweka sindano chini.

"Hukuuliza, ulidhani tu. Aliishi siku arobaini. Anaitwa Subira. Yumo kwenye ile picha, ukiangalia. Nilikuwa na mimba yake. Andika jina lake."

Niliandika. Bi Gunvor alitazama pembeni, kwenye ukuta, akapiga chafya isiyokuwepo. Nilipomaliza Bi Mgeni alitaka karatasi ya kwanza. Akatafuta lile neno alilolisoma ofisini, akalikata kwa penseli yangu, mstari mmoja ulionyooka.

"Hili acha wazi. Watakaokuwepo siku hiyo watajaza wenyewe. Haya mengine ndiyo mimi."

Basi mtakapofungua bahasha mtaona zote zinaanza na nafasi tupu. Si uzembe. Tangu siku ile sikuandika tena bahasha ya mtu bila kwenda kumsomea. Wako walionifukuza, na mtunzi kipofu wa Ilala alinitupia fimbo, akanikosa, kisha akaniita nirudi. Wengi walikaa wakasikiliza. Watu hutaka sana kusikia kama kuna aliyekuwa anawaangalia.

Kabla hatujaondoka alasiri ile ya tatu, Bi Mgeni alimshika Bi Gunvor mkono. "Na ya kwako nani ameandika?"

Bi Gunvor akacheka. "Bado."

"Mchaga, mwandikie mwenzio. Umsomee kama ulivyonisomea mimi. Asije akaondoka hajasikia. Unaahidi?"

Nikaahidi, mbele ya wote watatu. Jumamosi iliyofuata bakuli lilikuwa mlangoni.

Bi Mgeni aliishi miaka sita zaidi, jambo lililomnyamazisha mjumbe wa nyumba kumi. Alifika hatua ya kusoma gazeti zima na kulikosoa. Alipofariki, barabara yetu ilifungwa kwa majamvi, na wanawake wazee ambao sikuwahi kuwaona walikuja na pembe zao zimefungwa kwenye kanga. Nilijaza nafasi tupu kwa mkono wangu. Mzee Sefu alipanga herufi zote bila kosa hata moja, na picha ilitoka kubwa. Subira alikuwemo.

Mwaka mmoja baadaye mkataba wa Bi Gunvor haukuongezwa. Ilikuwa miaka ile migumu. Karatasi za kuchapia zilikuwa adimu, ukurasa wetu ukawa nusu, kisha safu moja pembeni ya ratiba ya redio. Nilimsindikiza uwanja wa ndege. Mizigo yake ilikuwa sanduku moja na kofia aliyofumiwa na Bi Mgeni. Taipureta aliniachia.

"Bahasha yangu?" akauliza, kwa utani.

"Bado naipiga msasa."

Alirudi mji ule wa mbao alikozaliwa. Alitoa kitabu cha nne, kuhusu Kariakoo, akanitumia nakala ambayo siwezi kuisoma, ila nimelitambua jina la Bi Mgeni mara kumi na saba. Mwanzoni aliandikia gazeti lao mara moja kwa mwezi, baadaye mara moja kwa mwaka, kisha wakaja vijana wasiomjua. Barua zake zilikuwa fupi. Katika moja alisema amejaribu kuwaalika majirani kahawa na walitaka kujua kuna tatizo gani. Katika nyingine alisema sasa yeye ndiye anayesoma gazeti kwa sauti jioni, na hata matangazo. Mwisho wa kila barua aliuliza kuhusu bahasha.

Mnaweza kuuliza kwa nini sikuandika. Kwanza niliogopa kumchuria, pamoja na yote niliyoyaona. Woga wa mlimani hauishi upesi. Kisha, nilipoketi kuandika kweli, niligundua kwamba kwa miaka yote tuliyokaa pamoja yeye ndiye aliyeniuliza maswali. Sikujua jina la yule mchoraji. Sikujua ni vidole gani vitatu baba yake alipoteza. Ikabidi niulize kwa barua, na barua ilichukua wiki tano kwenda na tano kurudi, na katikati mke wangu akaugua, watoto wakaanza shule, nikapewa dawati niliongoze. Kila mwaka niliongeza ukurasa mmoja. Nilitaka iwe nzuri. Yeye alitaka tu isomwe.

Nilipomaliza zilikuwa kurasa tisa. Niligonga kile kitufe cha mwisho, nikazituma na maelezo kwamba atafute mtu mwenye Kiswahili amsomee kwa sauti, na kama hakuna, asome mwenyewe kwa sauti, na akikuta kosa akate. Nafasi ya mwanzo niliiacha wazi.

Bahasha ilirudi baada ya miezi mitatu, imebandikwa karatasi ya njano yenye maneno ya kwao. Nilimpelekea kijana mmoja aliyesoma huko. Akaniambia imeandikwa kwamba mpokeaji amefariki. Kwa tarehe iliyoandikwa hapo na muhuri wetu wa kwenda, alifariki siku kumi na moja kabla sijaenda posta. Nilikuwa na nakala ya kaboni, nikaipeleka kwa mhariri wa wakati huo. Alikuwa kijana mzuri tu, hakumjua. Siku hiyo palikuwa na tangazo la sabuni la nusu ukurasa. Bi Gunvor alipata mistari minne.

Nilikaa kwenye ngazi za nyuma, pale mnapovutia sigara, mpaka wasafishaji wakaniomba nipishe.

Sikuifungua ile bahasha. Ninajua kila neno lililomo. Nilichokuwa nakisubiri ni masikio, na hayakuwepo.

Basi ufunguo ninao hapa, unawasubiri. Mkifungua droo, anzeni na hiyo ya nyuma. Mmoja wenu asimame aisome kwa sauti, zote tisa, na wengine waache simu. Si sawa na ahadi niliyoitoa, najua. Bi Mgeni angenisema. Lakini angalau chumba kile kile kitakuwa kimemsikia. Bahasha nyingine ziendelezeni kwa utaratibu wake: nendeni, someni, kateni, acheni mwanzo wazi.

Yangu haimo. Mtu hajiandikii. Naishi Ilala, nyumba ya kona nyuma ya kiwanda cha barafu, mlango wa kijani, na siku nzima nipo. Mkija kuchukua ufunguo, njooni na karatasi mlizoandika, hata kama ni mbili, hata kama zina makosa. Penseli ninayo. Nitawapikia wali. Ila msiniambie bado mnaipiga msasa.